Kasha la Mzee Fidla

Mzee Fidla alifungua kasha la fidla, akatoa mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha mkate na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Alikuwa ameshaanza yai la kwanza hodi ilipopigwa mlangoni. La pili akalirudisha mbiombio, akafunga kasha.

"Shikamoo, Mzee," alisema mkuu wa chuo, kijana aliyehamia hapo muhula uliopita na ambaye bado alikuwa na haraka ya mambo mapya.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai. Ni kuhusu sherehe yako ya kuagwa kesho. Hotuba nimezifuta. Utatupigia fidla, na Mama Piano atakuitikia kwa piano. Wanafunzi wako wa zamani wanakuja kutoka kila pembe. Wote wimbo wao mmoja: kasha wameliona miaka yote, fidla hawajaisikia."

Yai lilimkwama Mzee Fidla kooni. "Na Mama Piano amekubali?"

"Nimemwachia barua asubuhi. Hajajibu, lakini yeye ana shida gani?"

Mkuu akaenda zake akipiga mluzi.

Ukweli ni kwamba Mzee Fidla hakuwa na fidla, wala hakuwahi kuishika. Alisomea falsafa. Alipoajiriwa kwenye chuo hicho cha ualimu, mwalimu wa Falsafa na Madhumuni ya Kufundisha Muziki alikuwa mgonjwa, naye akaombwa amshikie somo kwa muhula mmoja. Muhula huo sasa ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Kasha alilinunua mnadani likiwa tupu, wiki ambayo mkanda wa begi lake ulikatika, kwa sababu lilikuwa imara na chakula kilienea. Jina walimpa wanafunzi. Yeye hakumdanganya mtu. Aliacha tu kuwasahihisha, kwanza kwa uvivu, halafu kwa aibu.

Na kufundisha alijua, hilo hata adui yake angekiri. "Lengo la kufundisha muziki si kuzaa wapigaji," alizoea kusema, huku akiligonga kasha kwa kidole. "Ni kuzaa watu wenye masikio. Mtoto aliyezoeshwa kusikiliza, ukubwani hadanganyiki." Walimu waliopita mikononi mwake walikuwa na kwaya zilizoshinda vikombe kila mwaka.

Masikio yake mwenyewe aliyanolea kwa Mama Piano. Kila siku saa nane mchana mwalimu huyo alijifungia ofisini mwake, mwisho wa korido, na piano ikaanza kulia. Mzee Fidla alikaa kwenye benchi nje ya mlango, amefumba macho. Katikati ya muziki palikuwa na kipande kigumu, noti zikifukuzana juu na chini, na kila zilipofika hapo alibana pumzi. Kwa miaka yote hiyo Mama Piano hakuteleza hata siku moja. Aliacha katikati pale tu umeme ulipokatika. Bila feni, alieleza, vidole humtoka jasho. Mzee Fidla alimheshimu kuliko mtu yeyote chuoni, na kila alipoinuka kwenye benchi lile alijiona tapeli.

Siku hiyo alitafuta pa kutokea. Alifunga leso kwenye kidole kama mtu aliyejikata, akaifungua tena: wangemwomba basi awaonyeshe fidla tu, waishike. Alifikiria kuugua, lakini wanafunzi wale kwa kumpenda wangemfuata mpaka kitandani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imemfikisha miaka ishirini na miwili, kwa hiyo hakuwa na haki ya kulalamika.

Kicheko cha ukumbini angekivumilia. Kilichomchoma ni kumfikiria Mama Piano ameketi mbele za watu, vidole tayari, akingoja fidla itangulie, halafu kasha lifunguliwe litoke yai. Mwanamke yule hakustahili kuvunjiwa heshima namna hiyo. Afadhali alisikie jambo hili leo, tena kutoka kinywani mwake.

Saa nane akachukua kasha lake, akaenda. Muziki ulikuwa umeshaanza. Leo hakukaa. Alilipita benchi, akagonga mlango, kisha ujasiri ukamwisha, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Dada, ni mimi. Usiache kupiga," alisema. "Nikikuona uso nitashindwa. Fidla mimi siijui. Sijawahi kuijua. Humu mna mayai." Akalitikisa kasha, na yai lililobaki likagongagonga ndani. "Naomba unisamehe. Chuo kizima hiki mwanamuziki wa kweli ni wewe peke yako, na kesho nitawaambia hivyo wote, hata wakinizomea."

Piano haikusita hata kidogo. Mzee Fidla alielewa kwamba hiyo ndiyo staha ya mtu mkubwa, ambaye husikia aibu ya mwenzake akajifanya hajasikia. Akafuta machozi kwa leso ileile.

Kisha ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka kidogo. Mama Piano alikuwa amesimama pale, kikombe cha chai mkono mmoja, barua ya mkuu iliyokunjwakunjwa mkono wa pili, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ingia upesi, Mwalimu," alinong'ona, "ufunge mlango."

Nyuma yake, ukutani, ilionekana piano iliyofunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa buli na vikombe. Muziki ukafika kwenye kile kipande kigumu, ukapita bila kuteleza.