Sauti Kutoka Bondeni

Odell alikuwa ameshika kifuniko cha sanduku la kwanza la bata mzinga mwitu walioletwa kuachiliwa, chini ya misonobari ya Texas, mwingine alipoita kutoka bondeni.

Alimgeukia afisa wa wanyamapori. "Mlishaachia wengine huku?"

"Hapana, mzee. Hawa ndio wa kwanza."

"Maana wa mwisho wa bonde hili alipigwa risasi na babu yangu."

Sauti iliita tena, karibu zaidi. Ndege waliokuwa wakipigapiga mbawa masandukuni wakanyamaza. Kwenye tundu la hewa, jike mmoja alikodoa jicho bila kupepesa.

"Labda ni mwindaji anatutania kwa filimbi ya kuigia ndege," afisa alisema, huku akirudi kinyumenyume kuelekea kwenye gari.

Odell alifungua masanduku. Ndege hawakuruka. Walitoka mmoja mmoja, kimya, wakashuka bondeni.

Odell akavua kofia, akawafuata.