Dakika Kumi za Kimya

Mutanu aliketi kanisani Endarasha, peke yake, akafumba macho. Nesi alimwambia akae kimya dakika kumi kila siku ili presha ishuke.

Kila alipovuta pumzi alimwona binti yake asubuhi ile, ameshika shavu baada ya kofi, kisa kikombe kilichovunjika. Sasa ilikuwa saa saba mchana na kiganja alichompigia bado kilimwasha. Alikisugua kwenye sketi, akajaribu tena, akashindwa.

"Mungu, si unipe tu amani!" alifoka.

Aliinuka kabla dakika hazijaisha, akaenda mbio hadi lango la shule.

"Niitie msichana yangu, yuko Gredi Sita," alimwambia bawabu, akihema. "Mwambie sijakuja kumpiga."