Ulimi wa Soko

Mguu wa mkewe ukamkanyaga mara mbili chini ya meza.

Mwonja asali alikuwa bado na kijiko mdomoni, uso ameukunja. Mara moja maana yake asali ni safi. Mara mbili, imetiwa sukari. Akashusha kijiko, akamtazama mfuga nyuki aliyesimama mbele yake, mwanamke wa makamo mwenye alama za kuumwa na nyuki hadi kwenye viwiko, madebe sita miguuni pake.

“Haifai,” akasema.

Soko lile lilikuwa na miaka zaidi ya mia, na desturi yake haikubadilika: asali haipiti chini ya tao la mawe mpaka ionjwe, na ikikataliwa humwagwa mtaroni hapo hapo, isije ikauzwa mlangoni. Wageni walikuja na kamera kutazama. Walipenda sana mzee akikunja uso, na yeye hakuwanyima. Kiti kile alikikalia baba yake, na kabla yake babu yake. Wauzaji walimwita Ulimi wa Soko.

Ulimi wenyewe ulikuwa umekufa, mwaka wa pili sasa. Homa iliwalaza yeye na mkewe mwezi mzima, na alipoinuka, asali na maji ya bomba kwake vilikuwa kitu kimoja. Alimwambia mkewe peke yake. Watu wazima walikuwa wakimwamkia kwa sababu ya ulimi huo, angewaambia nini? Basi mkewe akaja kuwa mwosha vijiko. Kila debe lilipofunguliwa alichovya kidole, akalamba, ndipo akampa mumewe kijiko. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya miguu.

“Onja tena, mzee wangu,” mfuga nyuki akasema. “Ni mizinga yangu mwenyewe. Ni kazi ya mwaka mzima hii.”

“Mama, nimeshasema.”

“Tone moja tu. Nakuomba, baba. Nyumbani nitawaambia nini?”

Akaonja tena. Alilizungusha lile tone, akalitafuta kila pembe ya kinywa, asipate kitu. Watu wote walikuwa wakimngoja. Jasho likamtoka, uso ukajikunja wenyewe.

Mguu ukakanyaga. Mara mbili.

“Haifai,” akarudia.

Wapagazi wawili wakainua madebe. Asali ilitoka nzito, ikateremka mtaroni bila haraka, na mwanamke yule akachuchumaa akaikinga kwa viganja viwili. Ilimjaa, ikampita. Hakumtukana mtu. Alilia tu kwa sauti ndogo, na mgeni mmoja akampiga picha. Mwonja alitamani kuinuka, lakini ainuke aseme nini? Akabaki kitini, roho inamuuma.

Adhuhuri, meza ilipofungwa, mume na mke walikaa kwenye ngazi za nyuma na vikombe vyao vya chai.

“Mama watoto,” akasema, “ile ya madebe sita. Sukari ilizidi sana?”

Mkewe akageuka. “Mbona unaniuliza mimi?”

“Si wewe uliyeonja?”

Mkewe akaweka kikombe chini. Akajibu bila kumtazama.

“Homa ile haikuniachia ulimi hata mimi, baba watoto. Nilikuficha, nikijua ukisikia utavunjika moyo.”

“Sasa miguu? Miaka miwili yote hii, ulikuwa unanikanyaga kwa kufuata nini?”

“Uso wako,” mkewe akasema. “Nilijiambia, ulimi umekufa, lakini uso wa mtu aliyeonja miaka thelathini hauwezi kusahau. Ukiukunja, nakanyaga mara mbili.”