Ushahidi Dhidi ya Mkamwana

Sanduku la mkamwana lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, limefungwa kwa kamba, viatu vyake vya kazini vimepangwa juu yake. Mama mkwe alilifunga mwenyewe, kwa furaha, akalikaza fundo hadi vidole vikamuuma. Kilichobaki ni karatasi moja tu ya daktari. Akishaipata, yule mwanamke angetolewa mchana kweupe, majirani wote wakimtazama.

Ndiyo maana sasa alikuwa ameketi wima kliniki, mkoba magotini, mwanawe wa pekee kando yake. Miezi minne alikuwa ameumeza uchungu wake. Leo ilikuwa zamu ya mtu mwingine kulia.

"Mwanangu anaharibiwa," alimwambia daktari, hata salamu hazijaisha. "Na anayemharibu ni mkewe. Mtazame tu!"

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimtazama. Yule mwana alikuwa amekonda, macho mekundu, shati halijapigwa pasi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Mama akafungua daftari. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na saba, na hakuna alichokiamini kama neno lililoandikwa likawekewa tarehe.

"Tarehe tatu," akasoma. "Halali usiku. Naamka alfajiri namkuta kwenye kiti nje ya mlango wangu, macho kodo. Tarehe tisa, ameziba kwa matambara kila tundu la dirisha langu. Tarehe kumi na moja, ameitoa redio betri, ameifungia kabatini. Tarehe ishirini, chai yangu anaionja yeye kwanza ndipo anipe. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, anaonja chai! Na simu anaongelea nyuma ya nyumba, kwa kunong'ona."

"Ni kweli?" daktari alimwuliza mwana, kwa upole.

"Ni kweli. Yote nimeyafanya."

"Umesikia!" Mama akajipiga paja. Roho ilimsuuzika.

"Na mkewe amefanya nini?"

Hapo mama akalowesha kidole, akafunua ukurasa mwingine taratibu. Sehemu hii aliionea raha. Aliiandika kwa wino mwekundu.

"Huyo anajifanya hamnazo. Mama hujambo, mama umelalaje, mama nikuchemshie maji ya kuoga. Mdomo asali tupu. Lakini mimi nimeambiwa kila kitu, daktari. Nimeambiwa anatia unga kwenye sukari. Nimeambiwa ameshonea dawa kwenye pindo la shuka langu, maana yeye ni fundi cherehani, sindano haimpigi chenga. Nikalifumua pindo lote, nikakuta ameshaiondoa. Mjanja yule! Nimeambiwa hata marehemu mume wangu alimmaliza yeye."

"Baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo," mwana alisema. "Mwaka jana, hospitali."

"Wewe nyamaza. Umeshalishwa wewe."

Damu ilikuwa inamchemka. Alimchukia yule mwanamke hadi kwenye nyayo, na hakuona haya kumchukia. Alitaka kumwona amepiga magoti uani, analia, anaomba msamaha, naye asimpe.

"Nataka uandike kwamba akili ya mwanangu imechezewa," alisema. "Na unieleze mtu aliyechezewa akili huwaje, nijue nitakavyomshtaki mkewe."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Akili ikiugua, mama, huwa hivi. Mtu huanza kuamini kwamba anaandamwa, hata na watu wanaompenda. Usingizi humhama. Chakula anakitilia shaka. Huweza kusikia mambo ambayo wengine hawayasikii, na kwake yeye ni ya kweli kabisa, hasemi uongo. Kuna maradhi yanaitwa skizofrenia, na kuna mengine yanayofanana nayo, kwa hiyo hatukimbilii kuyapa jina siku ya kwanza. Chanzo nacho si kimoja. Kuna asili ya ukoo, kuna ubongo wenyewe kubadilika, kuna wanaovuta bangi, na wengine huanza baada ya msiba mzito. Si kosa la mtu. Na dawa zipo."

"Si kosa la mtu?" Mama akacheka kwa dharau. "Subiri umwone mwenyewe."

"Kwenye ukoo wenu, kuna aliyewahi kuugua hivyo?"

"Hakuna. Marehemu dada yangu ndiye waliyemfungia ndani miaka sita, lakini yeye hakuzaa, kwa hiyo hamhusu mwanangu."

Daktari akaandika. Mama aliiona kalamu ikikimbia kwenye karatasi, akajua kesi imeiva. Mwanawe alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati. Mama akamshika bega. Alimpenda sana, na kwa ajili yake alikuwa tayari kuibomoa nyumba ya mtu.

"Swali moja, mama," daktari alisema, bila kuinua macho. "Haya yote umeambiwa. Umeambiwa na nani?"

Mama akatabasamu. Miaka ishirini na saba alimsikia hakimu akiwauliza mashahidi swali hilo hilo, akawaona wakitumbua macho, wakigugumiza, wakitaja jirani ambaye hakuja. Moyoni aliwacheka. Yeye asingeaibika hivyo. Watu wake walikuwa wengi, na leo walikuwa wamekuja wote, hakubaki hata mmoja nyumbani.

Akageuka kulitazama benchi lililokuwa tupu nyuma ya mwanawe.

"Haya, semeni mmoja mmoja," aliamuru. "Daktari hawezi kuandika mkisema wote kwa pamoja."