Saa Aliyoifungua Bi Mwatime

Siku hizo mjini Tanga ukuta wa kila nyumba ulitangaza saa kwa sauti, na hakuna aliyehangaika kuvaa saa ya mkono. Kwa hiyo Bi Mwatime, aliyeshona sare nyumbani pamoja na mumewe Mbwana, alipoikuta saa ya marehemu babu yake sandukuni, alijifunza kuifungua kwa kujifurahisha tu. Meza ya chakula ikajaa bisibisi ndogondogo. Siku moja springi iliruka ikatumbukia kwenye mchuzi wa Mbwana, naye akaitoa mdomoni taratibu.

"Mama Rukia, hiki nacho ni kiungo?" alimwuliza mkewe.

Walicheka mpaka wakatokwa machozi.

Hatimaye aliifunga vizuri, akaitia ufunguo, ikatembea. Mchana ukuta ukatangaza mapumziko ya saa nzima. Ulipowaita warudi kazini, saa ya babu ilikuwa imehesabu dakika arobaini na tisa tu.

"Umeifunga vibaya," alisema Mbwana.

Akaifungua tena, akasafisha kila gurudumu. Kesho yake mapumziko yalikuwa dakika arobaini na nane. Lakini saa moja ya kushona iliyotangazwa na ukuta, kwa saa ileile ya babu, ilikuwa dakika sabini na mbili. Mbwana aliitazama saa, kisha akautazama ukuta.

Siku iliyofuata ukuta ulipowaita, Bi Mwatime aliinuka. Mumewe akamshika mkono, akammiminia chai nyingine.

"Kaa, Mama Rukia. Saa yako bado."

Wakanywa wakicheka kwa sauti ya chini, na ukuta ukawaita tena, safari hii kwa majina yao.