Mkono wa Buluu

Siwatu aliingia kwenye ukumbi wa baraza akihema, maana alitoka mbio kiwandani, alikokuwa akitia nguo rangi. Kila siku ya kikao, diwani huyu alificha mikono yake ya buluu ndani ya glavu nyeupe ili wenzake wasimcheke.

"Ajenda ni moja," alisema mwenyekiti. "Kiwanda kiache kumwaga maji ya rangi mtoni. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Siwatu alisimama.

"Mheshimiwa, kabla ya kura! Tajiri wangu, Bwana Shamte, yule pale nyuma, asubuhi ameniambia nikinyoosha mkono kazi sina. Namwomba arudie hapa hapa, karani aandike."

Ukumbi mzima uligeuka. Bwana Shamte alinyanyuka, akacheka kicheko kikavu.

"Siwatu, mwanangu, yale yalikuwa maongezi yetu wenyewe."

"Sheria mpya inamkataza mwajiri kumtisha diwani kwa sababu ya kura yake," karani alisema, kalamu mkononi. "Basi, ulisema au hukusema?"

Bwana Shamte, ambaye sauti yake ilizishinda mashine zote za kiwanda, aliketi polepole.

Siwatu alivua glavu moja, akavua na ya pili, akazibwaga mezani. Kisha akanyoosha mkono juu, juu kabisa, buluu mpaka kwenye kiwiko. Madiwani walitazamana. Karani alifungua ukurasa mpya, akaanza kuhesabu mikono, akianzia na ule wa buluu.