Shati la Siku ya Mwisho

Siku ya kumaliza shule, kila mwanafunzi wa kidato cha mwisho huandikiwa kumbukumbu na wenzake kwenye shati lake jeupe. Kipara alimwandikia mwenzake mmoja mkimya wa dawati la nyuma, mgongoni, kwa herufi kubwa: UKIPOTEA, NANI ATAKUTAFUTA? Darasa zima lilivunjika mbavu.

Langoni, bibi yake yule mkimya alimshika Kipara mkono. "Mjukuu wangu, miwani nimeisahau. Hebu nisomee hapo mgongoni kwa mwenzako."

Kipara alikunja ngumi kuficha wino vidoleni.

"Wameandika... 'Hatutakusahau.'"

Yule mkimya akageuka, uso umemchangamka. "Kweli?"

"Basi shati hili halifuliwi," bibi akasema. "Nitalitundika sebuleni, kila mgeni alisome."